William Hoy: zaidi ya suala la ishara

Anapotajwa William Hoy, Mmarekani aliyezaliwa Ohio mwaka 1862 na kuwa kiziwi angali mtoto mdogo, wengi hukimbilia dai kwamba ishara za mikono za waamuzi wa besiboli zilibuniwa kwa ajili yake, dai ambalo ushahidi wake ni hafifu na ambalo huufunika uchezaji wenyewe. Hoy alikuwa mlinzi wa uwanja wa nje, yaani mmoja wa wachezaji watatu wanaosimama mbali na mpigaji ili kudaka mipira mirefu, na tarehe 19 Juni 1889, akiichezea Washington, aliwatoa wakimbiaji watatu katika mchezo mmoja kwa kuurusha mpira kutoka huko mbali hadi besi ya nyumbani, ambako pointi hupatikana. Msimu uliotangulia, wa kwanza kwake katika ligi kuu, aliiba besi 82 (kuiba besi ni mkimbiaji kusonga hadi besi inayofuata bila kusaidiwa na mpigo), ingawa hesabu hiyo hailingani na ya leo, kwa kuwa enzi hizo hata mkimbiaji aliyejiongezea besi kutokana na mpigo wa mwenzake aliweza kuhesabiwa kuwa ameiba. Aliiaga ligi kuu mwaka 1902, akiwa na mipigo salama zaidi ya 2,000.