Wimbo Mmoja, Vinywa Viwili: Majuto na Maradhi ya Huzuni

Sisi watu wa pwani tumelelewa na mafumbo. Taarab ikipigwa arusini, akina mama hawaulizi kwanza kama sauti ya mwimbaji ni tamu. Huuliza fumbo lile kapigwa nani. Anayeinuka kwenda kutunza huangaliwa, na anayenuna huangaliwa zaidi. Sikio letu limezoea kutafuta ujumbe nyuma ya maneno, na limezoea kuamini kwamba ujumbe huo una mlengwa aliyeketi mahali fulani ukumbini.

Nyimbo wanazozisikiliza vijana wetu usiku, spika ndogo zikiwa masikioni na mlango umefungwa, mara nyingi hazina mlengwa wa namna hiyo. Mwimbaji hamsuti jirani wala mke mwenza, ajisuta mwenyewe. Ndiyo maana mzazi akiyasikia maneno yale ya maumivu na ya kupoteza kila kitu, hushikwa na hofu asijue la kufanya. Wapo wanaoinyang'anya simu, na wapo wanaosema kwamba ni upuuzi wa ujana, utapita. Hatuingii leo katika mjadala wa hukumu ya muziki, kwani masheikh wetu wameueleza mara nyingi. Twataka kusaidiana katika jambo moja tu: mtoto akiwa aurudia wimbo wa huzuni usiku baada ya usiku, tuusome vipi?

Natuchukue mfano wa wimbo mmoja mashuhuri uitwao Hurt, neno lenye maana ya kuumia na kuumiza pia. Mtunzi wake ni Mmarekani Trent Reznor, kiongozi wa kundi la Nine Inch Nails. Ulitoka mwaka wa 1994, ukiwa wa mwisho katika albamu ya The Downward Spiral, ambayo yasimulia mtu anayeporomoka hatua kwa hatua hadi anafika ukingoni. Reznor alikuwa na umri wa miaka 28. Msemaji wa wimbo ni mtu aliyeingiwa na ganzi moyoni hata akajidhuru. Atumia dawa za kulevya ili asahau, na kumbukumbu haimwachi. Kisha amwonya yule ampendaye kwamba mwisho wa yote atamvunja moyo.

Tutazame pia kile kisichokuwamo. Katika wimbo mzima hakuna kosa moja linalotajwa kwa jina lake. Msemaji hataji mtu aliyemdhulumu, wala siku, wala tendo. Alilonalo ni hukumu ya jumla: kwamba yeye mwenyewe, mzima mzima, ni kitu kibovu, na kila akigusacho chaharibika. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza amekosa nini, atakujibu kwamba amekosa yote.

Miaka minane baadaye, mwaka wa 2002, wimbo huo huo uliimbwa na Johnny Cash, mwanamuziki mkongwe wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 70 na afya yake imedhoofika. Aliyempendekezea ni mtayarishaji wake, Rick Rubin. Cash hakuongeza ubeti. Alibadilisha neno moja la matusi, mahali pake akaweka miiba, kwa kukumbusha taji la miiba linalojulikana katika imani yake ya Kikristo. Mengine aliyaacha kama yalivyokuwa. Hata hivyo, aliyezisikia sauti zote mbili atakiri kwamba amesikia nyimbo mbili.

Sababu iko katika maisha ya msemaji. Cash alikuwa amepita mengi: miaka ya kutawaliwa na vidonge, ndoa ya kwanza iliyovunjika, mabinti wanne waliokua huku baba yuko safarini, kisha ndoa ya pili na June Carter mwaka wa 1968, iliyodumu. Katika kinywa chake, maneno yaliyokuwa ya jumla yalipata majina. Akiimba juu ya waliomwondoka, msikilizaji awajua. Akitaja milki isiyo na thamani, msikilizaji aiona. Filamu fupi ya wimbo huo, iliyoongozwa na Mark Romanek, yamwonyesha mzee yule pamoja na jumba lake la makumbusho huko Hendersonville, Tennessee, likiwa limefungwa na limechakaa, na mkewe amesimama akimtazama kwa jicho la huruma. June alifariki mwezi wa Mei mwaka wa 2003, na Cash akamfuata Septemba ya mwaka huo huo. Reznor mwenyewe, alipoiona filamu ile, alisema kwamba aliona wimbo si wake tena.

Msomaji wa pwani ataitambua picha ya jumba lililochakaa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, aliuita moyo wake ukae mbele yake auhoji, kisha akauonyesha magofu ya Pate: kasri zilizokuwa zikiwaka taa zimebaki makao ya popo na buibui, na mabwana wa nyumba wamo makaburini. Ule ni utenzi wa simanzi, lakini hakuna asomaye akadhani kwamba mshairi ni mgonjwa. Aiamsha nafsi yake ili igeuke wakati nafasi ingalipo. Huzuni yake ina kazi ya kufanya.

Hapa ndipo penye tofauti tunayotaka kuibainisha. Majuto yana jina na yana tarehe. Mtu ajuta kwa sababu alimtusi mamake, au alikula mali ya yatima, au alimwacha ndugu yake afe bila ya kusemezana. Majuto yauma, lakini yana mlango: kuomba radhi, kurejesha haki, kutubu, kubadili mwenendo. Wahenga waliposema majuto ni mjukuu, walitukumbusha kwamba huja baadaye, na kinachokuja baadaye kina kitu kilichokitangulia.

Sonona, yaani yale maradhi ya huzuni ambayo wengi wetu huyachanganya na msongo wa mawazo, huvaa nguo za majuto ilhali si majuto. Wataalamu wa afya ya akili huhesabu miongoni mwa dalili zake hisia ya hatia iliyopita kiasi, na mtu kujiona hana thamani yoyote. Mgonjwa asema kwamba ameiharibu aila nzima, na ukichunguza huoni alichokiharibu. Ajiita mzigo, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Mlango wa toba ukimfungulia, hana cha kuupitishia, kwa sababu kinachomlemea si dhambi aliyoitenda bali ni maradhi yaliyomshika.

Kosa la kuyachanganya mawili haya lina gharama kubwa. Tukimwona mtoto mwenye sonona tukamhubiria juu ya kushukuru neema, juu ya udhaifu wa imani, juu ya wenzake wasio na chakula, twamthibitishia lile analoliamini tayari: kwamba yeye ni mbaya. Mzazi husema kwa mapenzi, mtoto husikia hukumu. Akitoka hapo hunyamaza, na kunyamaza kwake twakudhania kuwa nasaha zimeingia.

Tusisahau kwamba huzuni iliyozidi si alama ya imani haba. Qur'ani yatusimulia Nabii Yaaqub, aliyehuzunika juu ya Yusuf hata macho yake yakawa meupe. Wanawe walichoka naye, wakamwambia kwamba ataendelea kumkumbuka Yusuf hadi aangamie. Yeye akawajibu kwamba mashtaka yake ayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Haikusemwa juu yake kwamba imani imempungua. Na kwa upande wa tiba, sisi ni umma ulioamrishwa kujitibu. Mwenye kisukari hatumwambii asali apone huku tukimficha dawa. Humwombea dua na tukampeleka hospitali. Moyo uliougua wastahiki yote mawili vilevile.

Basi turudi kwenye mlango uliofungwa na wimbo unaorudiwa. La kwanza, wimbo peke yake si ushahidi. Watu wengi husikiliza nyimbo za huzuni wakapata faraja, kwa kuwa mtu mwingine amelisema lile waliloshindwa kulisema. Tusimfanye kila mwenye kusikiliza Hurt kuwa mgonjwa, kama tusivyomfanya kila msomaji wa Al-Inkishafi kuwa mzee.

La pili, tuutazame mwenendo kuliko wimbo. Kipimo kinachotumiwa na matabibu ni kwamba hali ya huzuni, au ya kutofurahia kitu chochote, yaendelea sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki mbili. Huandamana na mambo kama haya: usingizi kukatika au kuzidi, hamu ya chakula kubadilika, uchovu usio na kazi, akili kutotulia juu ya masomo, kujitenga na marafiki. Kijana aliyekuwa hakosi mpira wa jioni naye sasa hatoki. Binti aliyekuwa mcheshi jikoni naye sasa hajibu ila kwa neno moja. Hizo ndizo beti zinazohitaji kufasiriwa.

La tatu, tuulize kabla ya kufasiri. Badala ya kusema, "Zima uchafu huo," mama aweza kukaa kitandani pembeni na kusema, "Mwanangu, nisikilizishe na mimi. Ni maneno gani hapo yanayokugusa?" Kisha anyamaze. Jibu ndilo litakaloonyesha tuko wapi. Mtoto akisema, "Nilimkosea rafiki yangu na sijui nimwambie nini," hayo ni majuto, na ushauri wa mzazi wamfaa. Akisema, "Yote, mama. Mimi sina maana," basi hapo pasitolewe mawaidha. Pahitaji kumkumbatia, kumwambia kwamba tumemsikia, na kumfikisha kwa daktari. Hospitali za kaunti zina huduma za afya ya akili, na sonona hutibika, kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au kwa yote mawili.

La nne ni zito, na hatuna budi kulitaja. Kijana akisema kwamba afadhali asingekuwapo, tumwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampandia fikra hiyo. Sivyo, kuulizwa kwa upole humpa nafasi ya kuutua mzigo. Asiachwe peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na msaada utafutwe siku hiyo hiyo. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo. Wala tusizuiwe na hofu ya polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na aila nyingi zikaficha. Mwezi wa Januari mwaka wa 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho chaenda kinyume na Katiba. Mficha maradhi kilio humfichua, na katika jambo hili kilio chenyewe hakirudishi mtu.

Tumesema sana juu ya vijana, lakini sauti ya Cash yatukumbusha wale walio barazani. Yumo katika nyumba zetu mzee anayekaa kimya baada ya Isha, na sisi twasema amezeeka tu. Huenda ana majuto yenye majina: mwana aliyemfukuza, ndugu waliyetetana naye kwa shamba la mirathi. Huyo asaidiwe akiwa na nguvu bado. Apelekwe kwa yule ndugu, au ndugu aletwe. Na huenda ni sonona, kwani maradhi haya hayachagui umri, na mzee vilevile ana haki ya kupelekwa kwa daktari.

Kuna jambo moja ambalo wimbo wa 1994 haukuweza kulijua. Yule kijana aliyeutunga, akauweka mwisho kabisa kana kwamba baada yake hakuna kitu, hakuishia pale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliacha ulevi na dawa za kulevya. Mwaka wa 2011 alipokea tuzo ya Oscar pamoja na Atticus Ross kwa muziki wa filamu ya The Social Network. Ameoa, ana watoto, na angali afanya kazi. Tumwelezeni mtoto wetu habari hiyo tukimaliza kuusikiliza wimbo pamoja naye. Aliyeyatunga maneno yale aliamini kwamba amefika mwisho, na hakuwa amefika. Kisha tumwulize kama amekula, na kama angependa kesho tufuatane naye hospitali.

Wabillahi tawfiq.