Rimu Zing'aazo Si Breki

Msafiri atokaye Ahero kwenda Kericho hana budi kupita Awasi, pale barabara ya Chemelil inapochepuka. Hapo, katikati ya matrekta yaliyosheheni miwa, hupita magari madogo ya abiria, hasa Toyota Probox, na mengi yamerembwa: rimu zing'aazo, matairi mapana kuliko ya kiwandani, springi zilizoinuliwa. Wako wanaoulaani urembo huo na kuuita upuuzi wa vijana. Sikubaliani nao. Linalofaa kuulizwa ni nani hulipima gari baada ya kubadilishwa, wala si kama lilifaa kubadilishwa.

Tamaa ya kuliboresha gari haikuzaliwa Awasi. Tajiri wa Dubai au London anunuaye Ferrari naye hubadilisha rimu, akashusha springi kidogo, akaondoka ametabasamu. Lakini fundi wake hupima kipenyo, upana, nafasi za nati, tundu la katikati na uzito ambao tairi laweza kuhimili. Kwetu mara nyingi kipimo ni jicho: rimu ikiingia na nati zikikaza, kazi imekwisha.

Wala tusidhani kwamba ustadi huo ni wa ng'ambo pekee. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda mashindano ya Safari mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alijua kwamba kila kinachoongezwa katika gari hudai kitu kingine mahali pengine.

Deni hilo ndilo lisiloonekana na abiria. Chukua tairi lenye kipenyo cha sentimita 60, uweke mahali pake lenye sentimita 66. Kipima mwendo huhesabu mizunguko. Hakijui kwamba kila mzunguko sasa ni mrefu zaidi. Kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda 88. Kidhibiti mwendo kinachotegemea hesabu hiyo hiyo nacho kimedanganywa, ingawa hakuna aliyekigusa. Na kwa kuwa nguvu ya gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake, breki zile zile sasa zinabebeshwa zaidi ya moja ya tano juu ya mzigo wao wa awali.

Kadhalika vipande vya chuma vinavyowekwa ili gurudumu litokeze nje. Gari hupendeza, lakini beringi husukumwa kwa wenzo mrefu zaidi, na nati hushika nyuzi chache. Springi zilizoimarishwa nazo humshawishi dereva kupakia watu kumi katika gari la watano, kwa sababu gari halionekani kulala. Breki haziimarishwi. Kumbuka kwamba kati ya uwanda wa Kano na mji wa Kericho pana tofauti ya kimo inayozidi mita 800. Yeyote aliyepanda mlima huo kwa gari kama hilo atalazimika kuuteremka.

Sheria hatukukosa. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwapo barabarani lisiwe la hatari kwa abiria wala kwa wapita njia. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama. Lakini mkaguzi hutazama kama kidhibiti kipo. Ni nadra kuuliza kama tairi linakisemea kweli. Na askari wa barabarani husimamisha gari kwa sababu ya rangi na kelele, mambo ambayo hayajaua mtu, akaliacha lililotulia machoni na bovu mvunguni.

Nashauri mambo matatu. Kwanza, ukaguzi wa magari ya abiria upime kipenyo cha matairi na kukilinganisha na kile cha kiwandani. Pili, fundi yeyote abadilishaye rimu au springi atoe hati yenye jina na sahihi yake. Fundi wa jua kali aliye stadi atafaidika, kwa maana hati hiyo itamtenga na mbabaishaji. Tatu, kila anayetaka kuongeza ukubwa wa magurudumu aanze na breki.

Kuwanyima vijana wa Awasi fahari ya gari zuri ni kazi bure, tena si haki. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, walisema wahenga. Mkakasi ukioza hauui mtu. Gari la abiria huua, na mama aendaye Kericho na mtoto mgongoni hana namna ya kuchungulia nyuma ya rimu kabla ya kulipa nauli. Wa kuchungulia kwa niaba yake ni mkaguzi, fundi na mwenye gari, nao hulipwa kwa fedha yake.