Mtoto akiona bunduki, amwambie nani?

Mji unaweza kubadilisha bwana kwa siku moja, lakini silaha zinabaki chini. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, askari wengi walivua mavazi ya jeshi na kuacha bunduki, masasi na grenadi barabarani, mu mifereji na mu parsele za watu. Wa kwanza kuviona ni watoto, juu wao ndio wanatumwa maji, wao ndio wanaokota vyuma vya kuuza.

Tarehe 18 Februari 2025, Ofisi ya Haki za Binadamu ya ONU ilisema kwamba M23 iliua watoto ndani ya Bukavu bila hukumu yoyote, na kwamba kulikuwa watoto wenye silaha mjini. Maana yake ni wazi: bunduki ya kuokota inaweza kumlipukia mtoto mikononi, na tena inamfanya aonekane adui mbele ya mwenye kuja na yake.

Si jambo geni kwetu. Mu Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku 6 ndani ya Kisangani. Askari walikwenda, lakini makombora yasiyolipuka yalibaki kati ya nyumba.

Wanaofundisha watoto juu ya hatari hii wanasema maneno matatu: usiguse, usikaribie, mwambie mkubwa. Mawili ya kwanza tunayaeleza vizuri. Kombora lililoanguka bila kulipuka halikufa, kulisukuma tu kunaweza kutosha. Bunduki iliyotolewa sanduku la masasi inaweza kuwa ingali na risasi moja ndani. Mtoto anaelewa.

Shida iko kwa neno la tatu. Mtoto anasema: « Papa, tuliona kitu kule kwa shamba. » Mara nyingi jibu ni fimbo: ulikuwa unafanya nini kule? Kesho ataona kingine na atanyamaza, ao atakionyesha kwa wenzake.

Lakini tusimlaumu papa peke yake. Yeye pia anaogopa. Akienda kwa shefu wa kartie ao kwa wenye nguvu, wanaweza kumuuliza: silaha hii ni ya nani, na uliificha tangu lini? Mu mji ambamo watu wanasakwa nyumba kwa nyumba, swali hilo linaweza kumpoteza mtu. Basi anaona heri kuitupa usiku mu choo, mu ziwa ao mu bonde. Huko watoto wengine wataikuta.

Ndiyo sababu tunasema masomo ya watoto hayatatosha kama wakubwa hawana njia salama ya kutoa habari. Yeyote anayetawala mji, wa Kinshasa ao M23, anapaswa kutangaza kwamba anayeonyesha silaha hataulizwa jina wala kufuatwa, na kuacha wafundi wa kutegua mabomu wafike. Makanisa, misikiti na masomo wanaweza kupokea habari hizo na kuzifikisha.

Kwa upande wetu wazazi, kuna jambo tunaloweza kuanza leo bila ruhusa ya mtu: mtoto anayesema ameona, asipigwe. Ashukuriwe, na wenzake wasikie.