Kindu: Tusiwazike wazee wetu na sura zisizo zao

Siku ile nilivuka Lualaba kwenda kwenye kilio upande wa Alunguli. Marehemu alikuwa mama tuliyemjua sote tangu utoto. Juu ya jeneza waliweka picha yake kubwa ndani ya fremu yenye maua. Shangazi yangu, aliyelima naye shamba miaka mingi, aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniinamia na kuniuliza kwa sauti ndogo: “Huyu ni nani?”

Macho ya shangazi hayana shida. Uso wa marehemu ulikuwa mweupe kuliko ulivyokuwa maisha yake yote. Mikunjo ya paji ilikuwa imefutwa, na kichwa kilizungukwa na mstari mweupe kama uzi. Mwanawe mkubwa alinieleza baadaye safari ya picha ile: ilipigwa kwa simu, ikatumwa kwa WhatsApp kwa ndugu aliye Goma, ikarudi Kindu kwa WhatsApp, ndipo ikapelekwa studio ili itolewe kwenye karatasi ya A4. Fundi aliiona ina ukungu, akaongeza kile mafundi wetu wanachokiita netteté, yaani akainoa. Kisha akainoa tena.

Simlaumu sana. Anafanya kazi kwa jenereta inayokunywa mafuta ghali, wateja wamejaa mlangoni, na jeneza linangoja. Lakini ni lazima tuambiane ukweli: kunoa picha hakurudishi kitu ambacho hakimo ndani ya faili. Programu kama Photoshop, au GIMP ambayo ni ya bure, inatafuta mahali ambapo giza na mwanga vinakutana, inazidisha giza upande mmoja na mwanga upande wa pili. Jicho linadanganyika na kuona picha imekuwa kali. Ukizidisha, ule mwanga ndio unageuka uzi mweupe kuzunguka kichwa, na uchafu wote uliokuwa umejificha ndani ya picha unanolewa pamoja na uso.

Hesabu yenyewe si ngumu. Karatasi ya A4 ikichapishwa vizuri, kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji picha ya pikseli 2480 kwa 3508. WhatsApp, ukituma picha kwa njia ya kawaida, huipunguza hadi kama pikseli 1600 upande ule mrefu. Hizo zinafaa kwa picha ya sentimita 10 kwa 15. Kwa A4 ni chache. Ndugu yule wa Goma angeituma kwa kubonyeza “Document” badala ya “Galerie”, na waliomtumia wangefanya vilevile, fundi angepata faili nzima, na pengine asingehitaji kunoa hata kidogo.

Na fundi anayejua kazi hunoa mwishoni, baada ya kusafisha rangi na kuweka picha kwenye ukubwa itakaotoka nao. Hapo anaweza kuzidisha kidogo kuliko inavyopendeza kwenye kioo cha kompyuta, kwa sababu wino husambaa ukigusa karatasi. Anoe kope, nywele, maua ya kitenge. Ngozi aiache.

Kuhusu kung'arisha ngozi, kijana anayetaka kuwa mweupe kwenye picha yake ya sikukuu, hiyo ni shauri yake na pesa yake. Marehemu hakuomba.

Mtu atasema kuna mambo makubwa zaidi Maniema: barabara, umeme, usalama. Ni kweli. Lakini katika nyumba ninazozijua, picha pekee ya mzee ni ile ya kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo imekuwa kitambulisho chetu kwa miaka yote hii. Na kadi nyingi zilizotolewa mwaka 2023 zilianza kufutika hata kabla ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba, mpaka CENI ikalazimika kutoa nyingine za badala. Mzee akifariki na kadi imefutika, familia inampelekea fundi kivuli, na fundi anawarudishia mtu mwingine. Wajukuu watamkumbuka huyo mtu mwingine.

Wiki moja baada ya kilio nilimpiga shangazi picha asubuhi, mlangoni kwake, kwenye kivuli. Nilipeleka simu yenyewe studio ili faili ichukuliwe kwa kebo, na nikaomba sentimita 10 kwa 15. Picha ilitoka vizuri sana, lakini shangazi aliirudisha. Fundi alikuwa amefuta kovu la shavuni, alilolipata akiwa msichana. Tukalipa tena, ikatolewa nyingine yenye kovu lake.