Jina la seremala juu ya dirisha

Wanafunzi wenzetu,

Tunataka kusema kidogo juu ya nyumba moja ya Uingereza, katika jimbo la Cheshire. Jina lake ni Little Moreton Hall. Ilikuwa nyumba ya watajiri, lakini mifupa yake ni miti. Mafundi walianza kuijenga karibu na mwaka wa 1504. Walisimamisha nguzo na boriti za mwaloni, mti mgumu sana, wakaingiza ncha ya mti mmoja katika tundu la mwingine, wakakaza na vijiti vya mti. Katikati ya nguzo wakajaza fito na udongo. Sisi wenye kukulia katika nyumba za miti na udongo, kazi ile tunaielewa vizuri.

Mwaka wa 1559 mwenye nyumba, Bwana William Moreton, alitengenezesha madirisha makubwa yanayotazama kiwanja cha ndani. Juu yake maneno yalichongwa, na mpaka leo yanasomeka: kwanza jina la Mungu, kisha la Moreton, kisha la Richard Dale, seremala aliyeyatengeneza.

Wamoja watasema: yule alilipwa feza yake, imetosha, jina la nini tena? Sisi tunakataa. Moreton alitoa feza, lakini feza haikati muti. Na wale wanaocheka wenzao wanaojifunza useremala, wajiulize: jina la karani gani limeandikwa juu ya ile nyumba?

Tena, jina si sifa tu, jina ni deni. Baada ya ile miaka, waliongeza juu kabisa chumba kirefu, karibu mita 21, cha kutembelea wakati wa mvua. Paa lake ni la mawe bapa, mazito sana. Miti ya chini haikuwekwa kwa kubeba mzigo kama ule; ikapinda, na leo nyumba iko imeinama. Haikuanguka, na tangu 1938 shirika la National Trust njo linaitunza. Lakini fundi anayejua kama jina lake litabaki pale, atawaza mara mbili mbele ya kupandisha mawe.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: mwenye kutengeneza benchi, mlango ao nyumba, achonge jina lake. Kazi ikiwa nzuri, watu wamushukuru. Ikilegea, wajue nani wa kuuliza.

Mwenye mawazo mengine aandike, tutamusoma.

Wanafunzi wa mwaka wa tano