Kisha upasuaji wa kongosho, feza iende kwa kontrole

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na bibi zetu munaotungojea nyumbani, leo tunaongea juu ya ugonjwa usioonekana sana lakini unaomaliza feza ya jamaa: uvimbe wa kongosho, ile aina ya seli zenye kutoa homoni. Kongosho iko nyuma ya tumbo la chakula. Uvimbe mwingine unatoa insulini nyingi: sukari ya damu inashuka, mutu anatoka jasho, anatetemeka, anaanguka. Kule shimoni tunasema ni njaa, ao kifafa, ao amerogwa. Apimwe sukari kwanza.

Uvimbe usiposambaa, matunzo makubwa ni kupasuliwa. Kisha hapo jamaa wanauliza: tununue dawa gani ili usirudi?

Tuseme kweli. Kama uvimbe ulitolewa wote, hakuna dawa iliyohakikishwa kwamba inauzuia kurudi. Oktreotidi na lanreotidi, zile sindano za kila wiki 4, zinapunguza mwendo wa uvimbe uliobaki ao uliosambaa. Everolimusi na sunitinibu, zilizokubaliwa Marekani mwaka 2011, nazo ni za ugonjwa uliosambaa. Kulekule Marekani wanganga walianza kujaribu kapesitabini na temozolomidi kisha upasuaji. Kujaribu siyo kuhakikisha.

Steve Jobs, mukubwa wa Apple, alipasuliwa uvimbe wa aina hii mwaka 2004. Ugonjwa ukafika kwenye ini, akabadilishiwa ini mwaka 2009, akafa Oktoba 2011. Feza hakukosa.

Kinachosaidia ni kontrole: picha ya skaneri ao IRM, kila miezi 6 mpaka 12, hata miaka 10, kufuatana na ukali wa uvimbe. Ukirudi, uonekane ungali mudogo, wakati bado kuna cha kufanya.

Lakini mutu asiache dawa kwa kusoma gazeti. Aliyekatwa kongosho anaweza kuhitaji insulini ao dawa ya kusaga chakula. Mwenye uvimbe uliobaki anaweza kuhitaji sindano. Mumuulize munganga maneno matatu: uvimbe ulitoka wote? Dawa hii inafanya kazi gani? Kontrole ni lini?

Na kontrole inaomba feza: skaneri, pengine na safari ya Kigali ao Kampala. Likelemba haitaweza kubeba hiyo miaka 10. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inaturuhusu kuunda mutuele. Sisi wa sendika tunaomba kila kiloba kinachotoka shimoni kiache kitu kidogo kwa mutuele ya afya, na PDG pamoja na wanunuzi waweke sehemu yao. Siyo zawadi, ni jasho letu.

Jamaa isiuzishe parsele juu ya sindano ambayo hakuna mutu amewaelezea kazi yake.