Akisahau Tembe, Amuulize Nani?

JIRANI yangu mmoja, mama wa watoto watatu anayeuza mboga karibu na lango la chuo, alinijia Alhamisi moja jioni akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi. "Daktari, hebu nisomee hapa," aliniambia kwa sauti ya chini, kama mwanamke amwelezavyo mwanamke mwenzake. Ilinibidi nimkumbushe kwamba udaktari wangu ni wa isimu, wala si wa tiba, na kwamba ninachoweza kutibu ni sentensi tu. Akanijibu, "Basi nitibie hizi."

Karatasi yenyewe ilikuwa maelezo yaliyotiwa ndani ya pakiti ya tembe za kupanga uzazi: Kiingereza kitupu, kwa herufi ndogo mithili ya mchanga. Mumewe hufanya kazi mbali na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mwezi huo mtoto alikuwa amelazwa hospitalini, na katika kuhangaika huko mama alisahau tembe nne mfululizo, katika wiki ya pili ya pakiti. Ijumaa mume alipokuwa njiani, mama alipitia duka moja la dawa akauliza afanyeje. Alijibiwa kwa maneno mawili: "Anza tena."

Maneno hayo mawili yalinitia hofu. "Anza tena" yaweza kuwa na maana ya kuendelea pale ulipoachia. Yaweza pia kumaanisha kurudi mwanzo wa pakiti. Jirani yangu aliyafahamu kwa maana ya tatu, ile ya mtu mwaminifu katika madeni: alizimeza zote nne kwa mpigo, akashikwa na kichefuchefu usiku kucha, akaamini kuwa amelipa alichodaiwa.

Jioni iyo hiyo nilimpeleka kwa rafiki yangu ambaye ni muuguzi. Maelezo yake, yanayoafikiana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, hayakuchukua hata robo saa. Nayaweka hapa kwa muhtasari, maadamu wanaoyahitaji ni wengi.

Kwa tembe za kawaida zenye homoni mbili, aliyesahau moja au mbili na ameze moja mara tu anapokumbuka, kisha aendelee kila siku kama desturi, hata ikibidi kumeza mbili katika siku moja. Aliyesahau tatu au zaidi mfululizo naye ameze moja papo hapo na aendelee. Lakini kwa siku 7 zinazofuata atumie kondomu au ajizuie, kwa kuwa kinga yake imelegea. Ikiwa amezisahau katika wiki ya tatu, amalize zilizosalia zenye homoni, azitupe zile 7 za mwisho zisizo na homoni, na kesho yake aanze pakiti mpya. Hizo 7 za mwisho, ambazo aghalabu huwa na rangi tofauti, zikisahauliwa hazileti hatari yoyote. Na iwapo mke na mume walikutana wakati wa pengo hilo, zipo tembe za dharura, ambazo humezwa mapema iwezekanavyo, kabla ya siku 5 kupita.

Siku tano! Jirani yangu alihesabu kwa vidole kuanzia Ijumaa, akanyamaza. Siku ya tano ilikuwa jana yake.

Wapo pia akina mama wanaoziacha tembe kwa miezi kadhaa kwa nia ya "kuupumzisha mwili." Mwili hauhitaji pumziko hilo, na kinga hutoweka upesi mtu anapoacha. Anayetaka kurejea baada ya kukaa muda mrefu hahesabu alizoziacha. Huchukua pakiti mpya. Akianza kabla ya siku 5 kupita tangu hedhi ianze, hahitaji kinga nyingine. Akianza siku nyingine yoyote, ahakikishe kwanza kwamba hana mimba, na atumie kondomu kwa siku 7. Aidha, amweleze mhudumu hali yake ya sasa: huenda tangu aache amepatikana na shinikizo la damu, au ameanza baadhi ya dawa za kifua kikuu au za kifafa, na sasa inamfaa njia nyingine.

Je, kuna siri gani katika haya? Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupanga uzazi mwaka 1967, kabla ya mataifa mengi ya Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto 8 hivi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha wastani wa 3.4. Tembe tumezisambaza, lakini maneno ya kuzitumia bado tumeyafungia katika lugha ambayo wengi hawaisomi kwa raha. Katiba ya 2010 inataja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Na kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidi kikamilifu alichonunua. Karatasi isiyosomeka haitimizi haki hata moja kati ya hizo.

Nawasikia wanaodai kuwa Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Aya zilizo hapo juu nimeziandika kwa maneno ya nyumbani na sokoni. Hata hivyo, kutafsiri kiholela nako ni hatari. Zipo tembe za homoni moja, wanazopewa akina mama wanaonyonyesha, ambazo nyingine hazitaki kuchelewa kwa zaidi ya muda wa saa tatu. Mwandike mama "usichelewe saa tatu," naye ataelewa kuwa mwisho ni saa tatu ya asubuhi, hata kama desturi yake ni kumeza saa moja ya jioni.

Kwa hivyo, Wizara ya Afya na bodi inayosimamia dawa ziamuru kila pakiti ya tembe hizi iwe na maelezo ya Kiswahili, kwa herufi zinazoonekana, yaliyoandikwa na wauguzi pamoja na wataalamu wa lugha, na kusomwa kwanza na akina mama wenyewe kabla ya kupigwa chapa. Vyuo vikuu vyetu vina idara za Kiswahili zilizojaa wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Mada ndiyo hii.

Yaliyomfika jirani yangu baadaye ni ya nyumba yake, wala si ya gazeti. Lakini asiitwe mzembe. Alisahau, kama asahauvyo mtu yeyote mwenye mtoto mgonjwa, kisha akauliza. Wahenga walituambia kuuliza si ujinga. Yeye alitimiza wajibu wake, na jibu alilopewa lilikuwa maneno mawili.